King'ora Kifuani

Mama Usafi alikuwa akipanga vikombe kabatini, mishikio yote ikielekea upande mmoja, king'ora cha zamu ya asubuhi kilipolia ndani ya kifua chake. Akaweka kikombe chini, akaegemea kabati. Kwanza ilianza mikanda, kisha kinu cha kuchanganyia, mwisho msumeno. Maumivu yakaingia chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani, kama kawaida yao.

“Leo wamechelewa,” akasema mumewe, akipuliza chai.

“Jana walifanya ovataimu.”

Akavirudia vikombe, akaviacha, akaenda kukaa kitandani. Kitanda nacho kilimshinda. Akaenda kusimama mlangoni.

Kiwanda cha mabati ya asbesto kilifungwa watoto wao wakiwa bado shuleni. Geti lake liliuzwa chuma chakavu na uwanja wake sasa unauza matangi ya plastiki. Kifuani mwa Mama Usafi hakikuwahi kufungwa. Yeye mwenyewe hakufanya kazi pale hata siku moja. Mfanyakazi alikuwa mumewe, aliyeendesha msumeno wa kukatia mabati mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi, wakamwita Msumeno. Alikuwa akirudi nyumbani mweupe tangu nyusi hadi soksi. Mkewe alizichukua ovaroli, akazikung'uta mlangoni kwa nguvu zake zote, ndipo akaziloweka, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba vumbi hukung'utwa kwanza. Ukililoweka linakuwa tope. Hapakuwa na mke mtaani aliyekung'uta kama yeye. Usafi huo ndio uliompa jina. Ndio uliompa na ugonjwa, lakini hilo majirani hawakulijua walipokuwa wakimsifu.

Msumeno alikuwa mzima kama chuma cha pua. Daktari alimpima kifua, akampongeza. Msumeno aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake, akatamani akohoe japo kidogo.

Daktari huyo huyo alimsikiliza Mama Usafi mgongoni, akahamisha kipimo, akasikiliza tena.

“Ni kiwanda,” akasema. “Chote kiko upande wa kulia. Ulikuwa unafanya kazi gani pale, mama?”

“Sikufanya. Nilikuwa nafua.”

“Nguo za nani?”

Mama Usafi akamwonyesha kwa kidevu. Msumeno akatazama viatu vyake.

“Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako,” akasema Mama Usafi. “Mimi nikadhani ni chawa.”

Daktari akacheka. Msumeno hakucheka, usemi ule alirudi nao nyumbani, akashinda nao siku nyingi.

Daktari aliwaeleza bila kuzunguka. Vumbi la asbesto ni nyuzi nyembamba zisizoonekana. Zikivutwa kwa pumzi hazitoki wala haziozi, hukaa miaka na miaka zikichokoza, mpaka saratani inaota kwenye utando unaofunika mapafu. Saratani ikikua inabana mishipa ya fahamu iliyo kati ya mbavu, na hapo ndipo maumivu yanapotokea. Kuponya hakuwezekani. Kutuliza kunawezekana. Akamtoboa ubavuni kwa sindano ndefu, akamtoa maji yaliyokuwa yakimziba pumzi. Maji yale yaliachwa kwenye beseni, na kufikia alasiri yalikuwa yameganda yakawa kipande cha bati, kina migongo na mabonde yake. Mfagiaji wa wodi alilalamika kwamba beseni ndilo hilo moja na sasa limeharibika. Mama Usafi akamwomba radhi.

Nyumbani akaanza kuja nesi wa tiba shufaa, wale wanaotuliza maumivu ya watu wasiopona. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyengoja kukaribishwa mara mbili.

“Mofini unakunywa saa ngapi, mama?”

“Nikizidiwa. Jirani kaniambia hiyo ni dawa ya kufia.”

“Jirani yako anaumwa?”

“Haumwi.”

“Basi yeye asinywe. Wewe unaumwa, na hiyo ni dawa ya maumivu. Ukingoja mashine zishike kasi ndipo umeze, dawa itaingia humo kama mgeni aliyekuta watu washaanza kula, nani atamsikiliza? Kunywa kabla ya king'ora, kila siku, uumwe usiumwe.”

Akampa dawa nyingine ya jioni, ya yale maumivu ya kuunguza yanayofuata mishipa, na nyingine ya kulainisha choo, kwa sababu mofini humfunga mtu tumbo na watu wengi huona haya kulisema. Akamfundisha kukumbatia mto anapokohoa. Akamwonyesha kukaa kifudifudi kwenye kiti, kifua kimelalia egemeo, pumzi ipate njia. Akamwambia maumivu yakihama au yakizidi aseme palepale, asijikaze kwa ajili ya mtu. Mama Usafi, aliyejikaza maisha yake yote, alilisikia hilo kama matusi, lakini akakubali.

Dawa zilifanya kazi. Mle kifuani wafanyakazi walianza kusinzia, mikanda ikapunguza mwendo, na nyapara akasikika akifoka, “Nyie mmekunywa nini leo?” Mama Usafi aliweza kula, aliweza kumtania mumewe. Ila jambo moja alilitaka na hakulipata: kulala chali kitandani mwake. Kila alipolaza mgongo, mashine zote ziliamka. Kwa miezi alikuwa akisinzia kwenye kiti, akishtuka, akihama kiti, akitoka kukagua kamba ya nguo isiyo na nguo, akirudi kupangua kabati alilokwisha kulipanga. Nyumba nzima ilichoshwa na nyayo zake.

Msumeno akaamua kuzungumza na nyapara. Akaweka mdomo kwenye mgongo wa mkewe, akaita. Nyapara, ambaye Msumeno mwenyewe alimzika baada ya kikohozi kirefu, aliitika papo hapo na kumuuliza habari za nyumbani.

“Si nzuri,” akasema Msumeno. “Simamisha mashine, mwenzangu. Mwanamke hajalala.”

“Mimi ni nani nisimamishe? Amri itoke ofisini.”

Basi wakaenda ofisini, kule kule kwenye matangi. Kampuni ilikuwa na jina jipya, lakini wenyewe walikuwa wale wale, au watoto wao. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaamkia shikamoo, akawapa maji ya kunywa, akaomba ruhusa kabla ya kuweka sikio mgongoni kwa mama.

“Ni kweli,” akasema. “Na mashine zimetunzwa vizuri.”

Akaeleza kwa masikitiko kwamba kampuni iliacha kutengeneza asbesto zamani, hivyo haiwezi kutoa amri ya kusimamisha kazi isiyoifanya. Kuhusu matibabu, waliokuwa waajiriwa husikilizwa. Mama hakuwahi kuajiriwa.

“Na hawa waliomo humu?” akauliza Msumeno.

“Hao ni wetu, mzee. Lakini wako nje ya eneo la kazi.”

Aliwasindikiza yeye mwenyewe, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa na wateja na king'ora cha mchana kilikuwa karibu kulia.

Njiani Mama Usafi alitembea haraka kuliko pumzi zake. Mumewe alinyoosha mkono kumshika.

“Usinishike. Nikisimama nitalia, na mimi sitaki kulia mbele ya matangi.”

Alilia walipofika nyumbani, kwa hasira, akiwa amekaa kifudifudi kwenye kiti kama alivyofundishwa. Msumeno akavuta kigoda, akaegemeza sikio mgongoni mwake. Alisikia mikanda, akasikia kinu, akasikia msumeno. Nyuma ya msumeno kulikuwa na mtu anapiga mluzi, wimbo ule ule, kila mara akiukosea mahali pamoja.

“Yule ni mimi,” akasema.

“Najua,” akasema mkewe. “Nakusikia tangu mwanzo. Sikutaka kukwambia.”

Msumeno akageuza uso, akaweka mdomo pale alipokuwa ameweka sikio.

“Kijana. Wewe unayekata. Zima hicho kitu unisikilize.”

Msumeno wa umeme ukazimwa. Na kwa kuwa mabati yasipokatwa hayana pa kwenda, mikanda nayo ikasimama, kinu kikanyamaza. Mama Usafi akainua kichwa. Akavuta pumzi polepole, kwa mashaka, kisha akavuta nyingine ndefu, ikaingia mpaka chini kabisa.

“Nani huyo?” kijana akauliza.

“Mtu anayekufahamu. Acha kazi hiyo. Toka humo leo hii.”

“Kwa nini, mzee?”

“Hilo vumbi linaua.”

“Nyapara kasema halina neno. Na mimi kifua changu kizima.”

“Halikuui wewe. Linamuua mkeo.”

“Mke wangu hayumo humu, mzee, yuko nyumbani,” akasema kijana, kwa heshima. “Nimemuoa juzi tu. Nikiacha kazi, atakula nini?”

Msumeno akatafuta kazi nyingine ya kumtajia yule kijana, akaipekua miaka yote ile mtaa kwa mtaa, geti kwa geti, kama alivyoipekua wakati ule, na hakuiona. Paji la uso wake likabaki mgongoni mwa mkewe. Kijana alingoja kiasi cha adabu, kisha akawasha mashine.

Maumivu yakaingia chini ya mbavu, yakapanda mpaka begani. Mama Usafi akaishika meza.

“Mwache, bwana,” akasema. “Ananitafutia riziki.”

Msumeno akanyanyuka, akampimia dawa, akamshikia kikombe mpaka akamaliza. Wakakaa wakingoja zamu iishe.