Zamu ya Pasi

Ngo, ngo, ukutani. Nikajua pasi inataka moto. Nikanyoosha mkono nikazima taa, na miche yangu yote ikatumbukia gizani pamoja nami.

Chumba kile alinipangishia mjomba, baada ya mimi kumaliza darasa la saba na kukaa nyumbani mpaka nikachokwa. Humo alisimamisha hema la kitambaa cheusi, ndani karatasi ya kung'aa, taa mbili kubwa, feni, na miche ya pilipili hoho ambayo ingekua bila kuliona jua. Ikinyong'onyea, alisema, nifungashe nirudi. Basi nikaitunza kama mtu anayeuguza. Siku nyingine jioni ilinikuta sijafungua kinywa, nikaiambia miche "haya," nisikie tu kama sauti bado ipo.

Ng'ambo ya ukuta wa mbao alikaa mshonaji. Vyumba vyetu vilikula umeme wa waya mmoja, breka moja. Cherehani yake haikuwa na neno. Mlafi alikuwa pasi: ikiwashwa na taa zangu zinawaka, breka inaruka, paa, sote gizani. Anayewahi anakwenda kuirudisha, kisha anaingia ndani na kinyongo chake. Nikienda kuteka maji, narudi nakuta hema limezimika sijui tangu saa ngapi. Miche ikaanza kurefuka, myembamba, imepauka. Nikaiona safari ya kurudi nyumbani. Ndipo nilipokwenda kubisha kwake.

"Kumbe humo mna mtu?" akasema. "Mimi nilidhani mmefuga kuku."

Tukapatana. Atarundika nguo, azipige pasi kwa mkupuo mmoja. Akitaka moto abishe ukutani, nizime. Akimaliza abishe tena, niwashe.

Ile nafasi ya katikati hatukuipangia kitu. Mimi nimekaa gizani, yeye anasukuma pasi, na maneno yakaanza kupenya mbaoni: mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa, akaulaumu uzi, mume aliyeondoka mchana kweupe, redio kwapani. Nami nikatoa yangu, ambayo sikujua kama ninayo. Miche ikashika rangi. Nikaanza kuliona rundo lake la nguo dogo mno.

Mjomba alipokuja kukagua aliridhika hasa. Alikuja na fundi umeme. Nikamwambia breka siku hizi hairuki, hakuna haja ya kujisumbua. Akacheka, akadhani ni adabu. Fundi akavuta waya mpya, akafunga breka ya pili.

"Sasa jinafasi, mpwa wangu," mjomba akasema. "Hakuna wa kukubughudhi."

Mshonaji alisimama mlangoni kwake akashukuru. Afadhali, akasema, maana kila akibisha alikuwa akijiona anamkatiza mtoto wa watu kazi yake.

Jioni ile nilisikia pasi ikitua mezani. Hakubisha. Taa zangu zikaendelea kuwaka, hata hazikupepesa. Ningeweza kubisha mimi. Nilikwenda hadi ukutani, ngumi nimeikunja, nikatafuta la kusema. Sikulipata. Nikarudi hemani, nikazima taa, nikakaa.