Vidole vya Nyangumi

Nilikuwa nikiondoa mchanga kwenye mifupa ya nyangumi wa kale kwa brashi, pale jangwani Fayumu, baba yangu Wisa alipofika akishikilia bega la dereva. Baba ni kipofu, naye huongoza nyimbo kanisani kwetu, kando ya padri tunayemwita Abuna. Ibada nzima ameihifadhi kichwani.

"We Febronia, siku hizi unabishana na Nuhu? Eti gharika haikumleta huyu nyangumi?"

"Hapa palikuwa bahari, baba. Miaka milioni arobaini iliyopita."

"Watu wamelalamika. Abuna kaniachia niamue kama utaendelea kufundisha watoto kanisani kila Ijumaa."

Nikauweka mkono wake juu ya mifupa ile. Akapapasa taratibu mpaka mwisho.

"Hivi ni vidole? Nyangumi ana miguu?"

"Alikuwa nayo. Mababu zake walitembea nchi kavu."

Akacheka kwa sauti. "Miaka hamsini namwimbia Muumba, hili hajaniambia. Kamwambia binti yangu! Ijumaa utafundisha, nami nitaketi mbele. Atakayenung'unika, aje apapase kwanza."

Mguu wa pili ulikuwa bado mchangani. Tukaufunika kwa turubai mpaka kesho, baba akishika upande mmoja.