Bodi Inagongwa

Ngo, ngo, ngo. Bati la bodi ya lori liligongwa mara tatu, kisha kimya. Kijiti cha kupimia ugonjwa kikabaki hewani mkononi mwa muuguzi Jovitha.

Kila aliyewahi kusafiri juu ya mizigo anaujua mlio huo: dereva, simama, nashuka. Lakini Mayunga, dereva wa lori hilo, alikuwa ametoka kuapa kwamba amebeba mahindi tu kutoka Biharamulo.

"Gunia limeteleza, sista," alisema Mayunga akijaribu kucheka. "Au mahindi nayo mnayachokonoa pua?"

Foleni ya kupima wasafiri kwenye kizuizi cha Mbuba aliipanga Jovitha mwenyewe. Mtu hashuki garini: dirisha, jina, kijiti puani, alama ya chaki kwenye tairi, gari lisogee kungoja majibu. Dakika nne. Wakubwa walikuja kutazama wakamsifu, na kichwa kikamvimba kidogo.

Ngo. Safari hii mara moja tu, kwa unyonge.

Siku tisa Jovitha alikuwa akipima watu wa madirishani tu, hakufunua turubai hata moja. Wangapi walipita wamelala juu ya magunia, wakateremkia kijijini Ntobeye, wakashikana mikono, wakala sahani moja na watoto? Ntobeye ndiko anakoishi mama yake.

Alipunga mkono foleni isimame, akakanyaga gurudumu, akapanda, akafungua kamba za turubai. Katikati ya magunia alilala bibi mmoja, macho mekundu, midomo imekauka, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Alikuwa akigonga kwa bangili yake ya shaba.

Mayunga aliruka chini. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka. Alieleza harakaharaka kwamba huyo ni mama yake, Kwandu, na kwamba kwao inasemwa anayeingizwa kwenye mahema ya kutengea wagonjwa ya Lukole harudi, wala ndugu hawaonyeshwi maiti.

"Nilimwambia asigonge," alisema.

Jovitha alitamani kushuka na kukimbia hadi Ntobeye. Badala yake alipiga goti juu ya gunia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi Kwandu alimtazama barakoa, miwani, gauni la plastiki. "Nakosa pumzi, ndiyo maana nimegonga. Lakini ninyi hamna sura. Mkinifungia huko, mwanangu atajuaje kama bado nipo?"

Jovitha aliushika mkono wenye bangili.

"Naitwa Jovitha. Kila asubuhi, kabla sijafungua foleni, nitakuja kugonga nguzo ya hema lako mara tatu. Wewe gonga kwa bangili hii, nami nitampigia mwanao simu. Na siku usipogonga, bibi, nitampigia vilevile, nimwite aje akuone. Sitamficha."