Kipimo cha Maziwa ya Mama Kipkorir

Kikundi chetu cha maziwa hapa nje ya Kitale kina wambea wa kutosha, nami nimo. Kwa hiyo Nelima alipofika kutoka Bungoma na mashine yake ya kupima maziwa, hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa ndiye mchumba wa Kipkorir. Wazee wa kina Nelima walikuwa wanakuja Jumamosi kuzungumza mahari na kina Jerono, mamake Kipkorir, ambaye ni mwenzetu kikundini.

Mashine yenyewe inatosha kiganjani. Ina taa ya mwanga usioonekana kwa macho, na vioo vidogo vya kuchuja, kila kimoja kikipitisha mwanga wa aina yake. Upo mwanga ambao maji huumeza. Ukirudi kidogo kuliko kawaida, basi kuna mtu amepitia bombani. Nelima alitueleza vizuri, na kusema kweli nilimpenda.

Zamu ya Jerono ikafika. Taa nyekundu ikawaka.

"Mama, hii iko na maji," Nelima akasema.

"Ati maji?" nikauliza.

"Si mashine imesema."

Jerono alibeba mkebe wake akaenda zake. Mtu akasema lisemwalo lipo. Nilimwonea Jerono uchungu, kisha nikanong'ona na wenzangu.

Foleni ilipoisha, Nelima akafuta mashine, kitambaa kikatoka na weusi. Akapima tena maziwa ya Jerono yaliyobaki kwenye kichupa cha kupimia, safari hii kwa kioo cha mwanga ambao maji hayaugusi. Nao ulikuwa umepungua. Basi si maji yaliyoumeza. Ni mkaa. Jerono alikuwa ameusugua mkebe ndani kwa mkaa wa mti, vile tunavyosugua vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Maziwa ya kikundi hayafanyiwi hivyo, lakini aliyekuwa akiyapokea leo ni mkaza mwana, naye Jerono alitaka yanukie.

Nelima aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Jerono akisuuza mkebe.

"Mama, nisamehe. Mashine ilikosea."

"Mashine haijawahi kula kwangu," Jerono akasema, bila kuinua macho. "Wewe umekula. Waambie wazee wenu wangoje kwanza."