Ufa Kwenye Bawa la Tai

Kwanza niliisikia droo. Kabati la Babu lina droo nyembamba za mbao, na ile ya tatu huguna ikivutwa. Ilikuwa alfajiri ya Februari, nje theluji, jikoni giza. Babu siku hizi hawashi taa. Anasema ni kuchoma umeme bure.

"Ni wewe, Janelle?"

"Ni mimi, Babu. Greta bado amelala."

Alikuwa amepakata droo, kidole kikipita kutoka kishimo hadi kishimo, akizigusa kingo sarafu zake za fedha za nusu dola. Zote za mwaka mmoja, zote za kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, za enzi zile mafundi walipochonga mihuri ya chuma kwa mkono. Muhuri mmoja ulipiga upande wa mama mwenye kofia, mwingine upande wa tai, na kwa kuwa mkono wa mtu haurudii kazi yake sawasawa, hakuna muhuri uliofanana kabisa na mwenzake. Muhuri wa mbele na wa nyuma ikikutana, sisi tunaita ndoa. Babu amezitafuta ndoa zote za mwaka ule tangu mama yangu hajaolewa. Imebaki moja. Kidole chake kilifika kwenye kishimo kitupu, kikasimama.

"Jioni Merle anakuja kuzichukua," akasema.

"Babu!"

"Kipofu na sarafu wapi na wapi, mwanangu? Merle ana macho. Acha amalizie yeye."

Merle Gantz ni rafiki yake wa chama cha sarafu, na mshindani wake pia. Tangu ujana wanataniana nani atautimiza mwaka ule kwanza.

"Leo kuna maonyesho ya sarafu ukumbi wa zimamoto," nikasema. "Nakwenda."

"Haya. Lakini usiniletee mkwaruzo mwingine."

Alicheka, mimi nikaumia. Vuli iliyopita nilimletea nusu dola yenye mstari juu ya bawa la tai, nikiruka kwa furaha, hadi Merle alipoweka lenzi jichoni. "Janelle, huu ufa wako umechongwa na kisu cha mtu!" Muhuri wa tai wa ndoa ile iliyobaki ulipasuka bawani; na muhuri ukipasuka, madini ya fedha hujaa kwenye ule ufa, kwa hiyo mstari huinuka juu ya sarafu. Mkwaruzo huzama. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini furaha ilinitangulia.

Ukumbini kulinukia nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Binti yangu Greta alitembea na mikono mfukoni, kama alivyofunzwa. Kwetu mtoto hafundishwi kuhesabu kabla hajafundishwa hili: sarafu hushikwa kingoni, uso wake hauguswi. Babu alinipiga vidole mimi kwa hilo, kisha akampiga Greta vyake, taratibu, kwa kijiko cha chai.

Kwenye meza ya Duane Rauch, muuzaji tunayemjua, nikaona nusu dola ya mwaka wetu iliyoandikwa "ya kawaida". Nikamtazama mama mwenye kofia. Nyota ya kwanza ilikuwa karibu mno na kidevu. Muhuri huo wa mbele uliolewa mara mbili: ndoa moja imejaa kila mahali, nyingine ndiyo ya Babu. Mtu mwenye haraka hutazama mbele tu, akaandika lebo. Nikaigeuza. Utepe ulio juu ya tai, ambao ungeniamulia, ulikuwa umelika. Umebaki mstari mmoja hafifu, kutoka bawani hadi ukingoni.

Niliinamisha sarafu chini ya taa kushoto, nikauona mstari umeinuka. Nikaiinamisha kulia, ukazama. Mwanga una uongo wake.

"Hiyo imekwaruzwa," Duane akasema. "Nakupunguzia."

Ukiwa ufa, ile sarafu ingenunua gari. Ukiwa mkwaruzo, haikustahili hata bei ya lebo.

"Naipenda hivyo hivyo," nikasema, nikalipa.

Tulipofika nyumbani, gari la Merle lilikuwa tayari uani. Droo ilikuwa mezani kati ya wazee wawili na kahawa yao.

"Kaleta kisu kingine!" Merle akapaza sauti.

"Tazama kwanza, Mzee Merle, ndipo unicheke."

Akaweka lenzi. Akatazama mpaka kahawa ikapoa. Akahamia dirishani, akarudi.

"Mbele ndiyo yenyewe," akasema, sasa bila utani. "Lakini huu mstari... Lester, nikisema ni ufa nitakuwa nakupendelea wewe. Nikisema ni mkwaruzo, nitakuwa najipendelea mimi. Kweli, macho yangu hayajui."

Babu akaivuta droo kidogo, akaisukuma kwa Merle. "Basi. Chukua."

"Babu," nikasema, "iguse."

"Kingo zake zitaniambia nini?"

"Si kingo. Uso. Kwa ukucha."

Wote wawili wakanigeukia kana kwamba nimetema mate kanisani. Babu akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena. Nikaiweka sarafu kiganjani mwake, tai juu, nikakielekeza kidole chake bawani.

Ukucha ukatambaa polepole. Ukasita. Ukarudi, ukapita tena.

"Unapanda," akanong'ona. Kisha akapiga meza, vikombe vikaruka. "Merle! Unapanda! Kama tuta la barabarani!"

"Lete hapa!" Merle akafumba macho, naye akapitisha ukucha. Akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Mzee mchawi wewe! Umenishinda bila macho!"

Yeye mwenyewe ndiye aliyeinyanyua droo na kumrudishia Babu mapajani. "Nisiione tena kwangu," akasema. "Na usiniite kuja kubeba kitu ambacho hukiachi."

Nikampigia Duane simu, maana kwetu ukishahakikisha, muuzaji anaambiwa alichouza. Aliguna, akacheka, akaniomba niipeleke chamani wote waione.

Babu hakutaka kusubiri chama. Aliipapasa droo hadi kishimo kile, akaiweka sarafu ndani, ikagonga mbao. Kisha, kwa sababu hakuna aliyemzuia, akapitisha ukucha juu ya bawa mara moja zaidi, akitabasamu kwenye dirisha asiloliona.

Greta alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho yamemtoka.

"Babu ameigusa usoni," akasema.