Nukta za Dada

Vitabu vyangu vitatu vya mwanzo alivipiga taipu dada yangu, kwa mashine ambayo herufi moja ilikuwa ikikwama kila asubuhi. Nikifuta neno kwa hasira, naye akiliona zuri, alilitia nukta chini kwa penseli ya kijani. Maana yake: liachwe. Mara nyingi hakukosea.

Kitabu cha kwanza kinaisha kwa kifo cha dada mkubwa. Aliingia hospitali kwa miguu yake, akalazwa kitanda cha dirishani, akafa peke yake.

"Umeniua mapema hivi, mdogo wangu?" alicheka akitaipu. "Si ungeningoja hata nizeeke!"

Miaka kumi na tisa baadaye alikwenda hospitali kwa miguu yake. Kitanda kilikuwa cha dirishani. Mimi nilikuwa nyumbani namalizia sura ya kitabu kingine. Nilipofika, shuka zilikuwa zimeshakunjwa.

Mwaka huu kitabu kile cha kwanza kinachapishwa upya. Nilifuta ukurasa wa mwisho wote, nikaandika kwamba dada anarudi nyumbani. Nakala ya kusahihisha iliporudi, dada alikuwa amekufa vilevile.

"Fundi, mbona hukubadilisha?" nilimuuliza mchapaji.

"Mama, usinitie wazimu. Si umetia nukta mwenyewe? Marehemu ndiye aliyenifunza: nukta ni amri."

Akanionyesha karatasi. Nukta za kijani.

Nikafuta tena. Safari hii niliutia ukurasa kwenye bahasha, nikaibandika kwa gundi, nikaipeleka mwenyewe, nikasimama mbele yake mchana kweupe akiifungua.

Nukta. Nilipozigusa, vumbi la kijani lilibaki kidoleni.

Fundi alirudi nyuma. "Hilo sasa si la kwangu, mama."

Nilikaa nikasoma neno kwa neno. Hospitali, miguu, dirisha, kifo: yote yalikuwa na nukta zake. Mawili tu hayakuwa nazo, yale ya mwisho: *peke yake*. Hayo alikubali yafutwe.

Nililia palepale. Kwa miaka saba tangu afe, maneno hayo mawili ndiyo yaliyoninyima usingizi.

"Acha yote," nilimwambia fundi. "Toa hayo mawili."

Kitabu kimetoka. Mstari wa mwisho unaishia kwenye *akafa*. Roho yangu imetulia, si haba. Ila kuna jambo naogopa kuliuliza kwa sauti. Mimi sikuwepo. Kama hakuwa peke yake, nani alikuwa amekaa naye pale dirishani?