Waya Mmoja wa Kamera ya Kitura

Kunigunda, mlinzi wa vichanja vya kahawa vya chama chao pale Kitura, alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Siku fundi Othmar alipofunga kamera juu ya nguzo, hakumpa nafasi ya kushuka ngazi.

"Mbona waya ni mmoja? Umeme wake unapita wapi?"

"Humo humo, mama. Umeme unakwenda, picha inarudi."

Kunigunda akacheka, akidhani fundi anamtania.

Wiki ya tatu kicheko kilikwisha. Karani Xaveri aliona kwenye simu yake kwamba picha hukatika kila siku saa sita, wakati Kunigunda yuko peke yake vichanjani akifunika kahawa isipasuliwe na jua. Akatangaza mbele ya wanachama wote kuwa mama huyu anazima kamera apate kuiba. Kamati ingekaa Jumamosi kumwondoa kazini. Kunigunda aliumia sana. Miaka kumi na moja hakuwahi kuchukua hata punje. Lakini swali lilimwasha kuliko aibu: swichi yenyewe siijui iliko, nimezimaje?

Ijumaa alifunika kahawa mapema, akaushika ule waya wa buluu chini ya nguzo na kuufuata kwa mkono. Ukampitisha kwenye ukuta wa ofisi ya chama, dirishani, hadi mezani kwa Xaveri, ukaishia kwenye kiboksi chenye taa za kijani, kilichochomekwa kwenye ekstensheni moja na redio. Akaketi kwenye benchi, eti anapumzisha miguu.

Kengele ya kanisa ikalia saa sita. Xaveri hakuvumilia redio kupiga muziki wakati wa sala ya Malaika wa Bwana. Akazima ekstensheni, kama kawaida yake ya kila siku, akasimama na kufumba macho. Taa za kiboksi zikazimika. Kunigunda akachungulia nje: kitaa chekundu cha kamera nacho kimekufa! Kumbe fundi hakumtania, umeme ulipita humo humo. Alifurahi mno, nusura apige vigelegele katikati ya sala.

Alisubiri amina.

"Karani, tazama simu yako."

Picha ilikuwa nyeusi. Xaveri akamtazama Kunigunda pale benchini, akaitazama ekstensheni.

"Washa," Kunigunda akasema. Baada ya muda picha ikarudi. "Zima tena, nione."

Akazima. Ikapotea.

"Nisamehe, mama," Xaveri akanong'ona.

"Kuniita mwizi hukunong'ona, karani. Hilo nalo kaliseme kesho, kwa sauti ileile."